Muuza Kilevi na Kifo cha Mnywaji: Ni Shitaka Gani?



Mtu akinunua gongo hapa Kitahana, Tanzania, akanywa kwa hiari yake na kufariki usiku huohuo, polisi wamfungulie muuzaji shitaka gani?

Sheria yetu haina kosa mahususi la kifo kilichotokana na kilevi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatupeleka kwenye kifungu cha 196, mauaji ya kukusudia, kosa lisilo na dhamana ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Au cha 195, kuua bila kukusudia, ambapo adhabu huishia kifungo cha maisha na jaji ana nafasi ya kupunguza. Kinachoyatenganisha ni nia ovu. Hapo ndipo penye hatari, kwani kifungu cha 200(c) kinaihesabu nia ovu kuwapo hata pale mtu alipokusudia tu kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka 3. Kuuza heroini, kwa mfano, kunaweza kumfunga mtu maisha. Tukisoma herufi kwa herufi, kila muuzaji wa heroini aliyefiwa na mteja ni muuaji. Mimi siikubali tafsiri hiyo.

Wenzetu wamehangaika na jambo hili. Marekani, baada ya mchezaji wa kikapu Len Bias kufa kwa kokeini mwaka 1986, sheria ya shirikisho iliweka kifungo kisichopungua miaka 20 pale dawa inapoua. Jimbo la Minnesota huita kifo hicho mauaji ya daraja la tatu. Pennsylvania ina kosa lake la pekee, hadi miaka 40. Lakini mwaka 2014, katika shauri la Burrage, Mahakama ya Juu ya Marekani ilidai uthibitisho kwamba bila dawa ile marehemu asingekufa. Uingereza, mwaka 2007 katika shauri la Kennedy, iliamuliwa kuwa mtu mzima mwenye akili timamu anayejidunga mwenyewe hakuuawa na aliyempa dawa.

Naona Kennedy ni sahihi kwa heroini. Gongo iliyotiwa spiriti ya viwandani ni jambo jingine: mnywaji hakujua anachokunywa, basi hiari yake haimkingi muuzaji. Wakenya walizika watu zaidi ya 100 Nairobi mwaka 2000 kwa pombe ya namna hiyo. Muuzaji aliyejua ina sumu anaangukia 200(b), inayoihesabu nia ovu kwa anayejua kuwa kitendo chake huenda kikaua, na shitaka lake ni 196. Aliyezembea tu, 195.

Haya yote huvunjika kijijini. Maiti huzikwa kesho yake, madumu huoshwa. Watendaji wa kata, zuieni mazishi mpaka daktari achukue sampuli, na masalia ya pombe yafungwe yapelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa waendesha mashtaka ombi langu ni moja: msiandike 196 kabla ya ripoti ya Mkemia, kwa sababu muuzaji aliyewekwa mahabusu kwa shitaka hilo hadhaminiki hata upelelezi ukichukua miaka.