Utulivu wa Moyo katika Maisha ya Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa msikitini baina ya sala za Magharibi na Isha)



Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud, kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.), kwamba siku moja Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliingia msikitini akamkuta Ansari mmoja, Abu Umama, ameketi hali ya kuwa haukuwa wakati wa sala. Alipomwuliza sababu, akajibu kuwa ameandamwa na fikira na madeni. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Alimfundisha dua ya kusoma asubuhi na jioni, na Abu Umama akasimulia kuwa Mwenyezi Mungu alimwondolea dhiki yake na kumlipia deni lake.

Naanza na kisa hiki kwa kuwa wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba muumini wa kweli hapatwi na msongo wa mawazo. Wakifikwa na dhiki huificha. Wengine huishia kwa wapiga ramli. Lakini mwaka aliofiwa Mtume (s.a.w.) na mkewe Bibi Khadija (r.a.) pamoja na ami yake Abu Talib, yaani karibu mwaka 619, unajulikana katika historia yetu kuwa ni Mwaka wa Huzuni.

Katika dua ile mja hujikinga kwa Mola wake na mambo manane: wasiwasi na huzuni, unyonge na uvivu, woga na ubakhili, kuelemewa na deni na kuonewa na watu. Wanazuoni wameeleza kuwa wasiwasi ni wa yale yasiyofika bado, na huzuni ni ya yaliyokwisha pita. Tena uvivu haukutajwa jirani na huzuni bure. Mwenye kuisoma dua hii alfajiri kisha akarudi kitandani hadi saa nne, anaomba kwa ulimi na kukataa kwa mwili.

Basi tuanze na usiku, maana ndiko asubuhi inakoharibikia. Katika Bukhari imo kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Zamani tulikesha barazani na wenzetu. Leo kila mtu hukesha peke yake na simu, akisoma matusi ya watu asiowajua. Kukicha, humkaripia mkewe kwa ajili ya chumvi ya mchuzi! Na Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa shetani hufunga mafundo matatu kisogoni mwa aliyelala. Akiamka na kumtaja Mungu hufunguka moja, akitawadha la pili, akisali la tatu, naye hupambazukiwa akiwa mchangamfu na mwenye nafsi njema. Hayo yote hayatimizi nusu saa.

Mwenye hasira ameagizwa aketi ikiwa amesimama, na isipomtoka alale. Bibi Aisha (r.a.) naye alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, yaani uji wa shayiri, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa huuliwaza moyo. Ama huzuni isiyoondoka majuma kwa majuma, ikamnyima mtu chakula na usingizi, huo ni ugonjwa, na Mtume (s.a.w.) ametuamuru kujitibu. Aende kwa daktari bila ya kuona haya.

Limebaki deni. Hapa mwenye kudaiwa hawezi kujitibu peke yake. Sura Al-Baqara inatuamuru kumpa muda mdaiwa aliye katika shida mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Adhana ya Isha haijafika. Ikiwa yupo anayemdai ndugu aliyemo humu, na anajua kuwa kweli hana, basi amfuate sasa hivi pale alipoketi, amweleze ni muda gani amemwongezea, ili mwenzake apate kulala usiku huu.