Deni la Mawakili kwa Elimu ya Sheria

Msikilizaji, jina la Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, hutajwa sana kwenye taarifa za habari kila unapokaribia uchaguzi wa rais wake, au kila kinapotoa tamko kuhusu jambo linaloigusa nchi. Huo ni upande mmoja tu wa kazi yake. Chama hiki kiliundwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1954, ambayo leo ni Sura ya 307 ya sheria za Tanzania, na sheria hiyo inapoorodhesha malengo ya chama haianzi na maslahi ya wanachama. Inaanza na kulinda na kuinua viwango vya maadili na elimu katika taaluma ya sheria. Kinachofuata ni kurahisisha upatikanaji wa maarifa ya sheria kwa mawakili na kwa watu wengine pia. Ninayosema leo yanatoka hapo. Semina na mafunzo endelevu yana faida yake, lakini kugawa maarifa yaliyokwisha kuandikwa ni nusu tu ya wajibu huo. Nusu ya pili ni kuyazalisha: kukusanya hukumu zilizotawanyika, kuzipima, kisha kuandika kwa Kiswahili msimamo wa sheria ni upi na una kasoro gani. Kazi hiyo ianze na mirathi ya kimila.

Nimeichagua mirathi ya kimila kwa sababu hapo ndipo tunapoona gharama ya kukosa maandishi ya namna hiyo. Mwaka 1963 Serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila, na Tangazo la Serikali namba 436 likaweka kanuni za urithi. Kanuni ya 20 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo aliyoirithi, lakini si kuiuza. Mwaka 1990 kanuni hiyo ilifika mbele ya Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya mwanamke aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Jaji alitumia haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Baadaye wajane wawili kutoka Shinyanga walizipeleka kanuni hizohizo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa dosari ya kiutaratibu kwenye nyaraka, bila hoja ya msingi kuamuliwa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema haki za wajane hao zimekiukwa. Sasa jiweke mahali pa hakimu wa wilaya mwenye jalada la mirathi mezani. Mbele yake kuna kanuni za 1963, hukumu mbili za Mahakama Kuu zisizoelekea upande mmoja, na maoni ya kamati ya kimataifa. Kila kimoja kinapatikana kwa anayejua kutafuta. Kazi ya kuvikutanisha vyote na kuvitolea hoja moja iliyonyooka anaachiwa peke yake, na hakimu wa wilaya ya jirani anaachiwa hivyohivyo.

Wapo wanasheria waliowahi kuona tatizo la aina hii wakaamua kulishughulikia. Mwaka 1923 majaji, mawakili na maprofesa wa Marekani waliunda American Law Institute, chama kisicho cha serikali, kwa sababu hukumu za majimbo yao zilikuwa nyingi mno na mara nyingi zikipingana. Utaratibu wao ni huu: mtaalamu mmoja, kwa kawaida profesa, anaandika rasimu, washauri wanaichambua, inapita kwenye baraza, kisha inajadiliwa kifungu kwa kifungu katika mkutano wa wanachama, ambako jaji na wakili wanaweza kuirudisha ikaandikwe upya. Vitabu vinavyotokana na kazi hiyo huitwa Restatement. Si sheria, na hakuna mahakama inayolazimika kuvifuata. Nguvu yake inatokana na ubora wa hoja. Mfano unaojulikana sana ni kifungu cha 402A kilichochapishwa mwaka 1965, kinachosema muuzaji wa bidhaa yenye kasoro ya hatari anawajibika kwa madhara yake hata kama hakufanya uzembe. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Juu ya California ilikuwa imeamua hivyo katika kesi moja. Wazo lile lilipopangwa vizuri kwa maandishi, likiwa na maelezo na mifano, mahakama za majimbo mengi zililipokea. Hukumu moja iligeuka kanuni ya karibu nchi nzima kupitia kalamu ya chama cha wanasheria.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya vyuo vikuu. Hoja hii ina uzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na jarida la Eastern Africa Law Review tangu miaka ya 1960, na mwaka 1973 wasomi wa sheria James na Fimbo walichapisha kitabu kikubwa cha rejea kuhusu sheria ya ardhi ya kimila Tanzania. Lakini msomi wa chuo huandika kwa jina lake, na makala yake, hata iwe bora kiasi gani, hubaki maoni ya mtu mmoja. Rasimu iliyopita mikononi mwa mawakili wa Mwanza, Arusha na Mbeya, wanaojua kanuni fulani inavyokwama mahakamani, inamfikia jaji ikiwa na uzito mwingine. Kwa hiyo chama hakichukui nafasi ya chuo. Kinampa profesa jopo la kuipima rasimu yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mawakili wana wateja. Wakili wa benki akikaa kwenye kamati ya kuandika msimamo wa sheria ya dhamana, kipi kitamzuia kuuandikia mteja wake? Hata Marekani lawama hazijakosekana. Mwaka 2015 Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika kwamba vitabu vya chama kile vimeanza kueleza sheria inayotamaniwa badala ya sheria iliyopo. Hatari hizi ni za kweli, na dawa yake ni utaratibu. Mjumbe aache mteja wake mlangoni, kama chama kile kinavyowataka wanachama wake. Rasimu zitangazwe kabla ya kupitishwa. Na kila ukurasa utenganishe hukumu zinasema nini na kamati inapendekeza nini. Tukumbuke pia kwamba maslahi ya wateja yapo mahakamani kila siku, ndani ya hoja ambazo umma hauzisomi. Yakiandikwa hadharani, yanaweza kupingwa.

Kuna pia wanaosema mawakili hawaijui mila, kwa kuwa kwa miaka mingi sheria iliwazuia kuwakilisha watu katika Mahakama za Mwanzo, na huko ndiko mashauri ya mirathi ya kimila yanakoanzia. Ni kweli, na chama kikiandika kwa kuketi ofisini Dar es Salaam kitakosea. Ndiyo maana kamati inayostahili kazi hii lazima iwe na mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, wazee wa mabaraza, na wanawake wanaoishi chini ya kanuni hizo, na isome majalada ya mashauri badala ya kutegemea hukumu za rufaa pekee.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Badiliko hilo linahitaji vitabu ambavyo hakimu na wakili watavinukuu kwa Kiswahili, na mwananchi mwenye shauri atavisoma bila mkalimani. Amri ya Bunge haiwezi kuviandika. TLS ina wanachama ambao sheria imewaweka chini ya paa moja, ina ada zao, na ina wajibu uliotajwa kwanza kabisa katika orodha ya malengo yake. Mkutano wake mkuu unaweza kuunda kamati hii, kuitengea fedha na kuipa muda maalumu wa kuleta rasimu ya kwanza ya mirathi. Wanaogombea uongozi wa chama waulizwe kama watalisimamia hilo, pamoja na maswali wanayoulizwa kila uchaguzi.