Je, Duka la Pembejeo Liko Tayari Kuuza kwa Simu?



Leo tunazungumza na watu wawili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wewe ndugu mkulima, unayenunua mbegu, mbolea na dawa. Wa pili ni wewe ndugu mwenye duka la pembejeo, au katibu wa chama cha ushirika, unayemwuzia. Swali letu ni hili: je, biashara ya pembejeo vijijini iko tayari kutangaza na kuuza bidhaa zake kwa simu ya mkononi?

Huenda mwenye duka akacheka akasema, “Hivi hilo nalo ni swali? Simu ninayo mfukoni!” Naam, simu unayo. Lakini kuwa na jembe si kuwa na shamba lililolimwa.

Simu yenyewe si mgeni kwetu. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza mwezi Desemba 1992. Simu za mkononi zilianza kufanya kazi Tanzania mwaka 1994. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Na tangu Serikali ilipoanzisha upya ruzuku ya mbolea mwaka 2022, mkulima huandikishwa katika daftari la Serikali, hupewa namba yake, na wakala huihakikisha namba hiyo kwa mtandao kabla ya kumwuzia mfuko. Kwa hiyo chombo kipo, na wenye maduka wengi wamekwisha kukishika. Linalobaki ni kuuliza kama biashara yenyewe imejiandaa.

Kwanza tuone hasara iko wapi. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mvua ni za msimu mmoja, na mahindi hupandwa zaidi mwezi Novemba na Desemba. Sasa tuseme mkulima anatembea kilometa 15 kwenda dukani kutafuta mbolea ya kupandia. Akifika anaambiwa, “Imekwisha jana, njoo wiki ijayo.” Anarudi mikono mitupu. Wiki ijayo udongo umeshiba maji, majirani wamekwisha kupanda, na yeye ndiyo kwanza anaanza. Gunia alilopoteza hapo halitarudi kwa kupalilia vizuri. Wakati huohuo, pengine duka la kijiji cha pili lilikuwa na mifuko imejaa mpaka darini, na mwenye duka analalamika kwamba biashara ni mbaya!

Angalia pia habari ya viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa nchini mwaka 2017. Kiwavi huyu hupigwa akiwa bado mdogo. Akishaingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo taarifa kwamba dawa inayofaa imefika dukani ni mali katika wiki ya kwanza. Baada ya wiki nne ni maneno matupu. Hapo ndipo simu inapoishinda barua, tangazo la ukutani, na hata sisi wa redio, maana sisi hatujui ghala lako lina nini leo asubuhi.

Haya, tuje kwenye maandalizi. Ndugu mwenye duka, chukua kalamu.

Jambo la kwanza ni mzigo. Usitangaze kitu ambacho hakimo ghalani. Mwenye duka akitangaza mbolea iliyo njiani, na lori likaharibika, wateja watakuja, watamkuta hana kitu, na ujumbe wake wa pili hakuna atakayeusoma. Hesabu mifuko kwanza, ndipo uandike.

Jambo la pili ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka, ukiulizwa sasa hivi wateja wako wa msimu uliopita ni nani, utaweza kuwataja? Andika jina, kijiji, zao, ukubwa wa shamba, na alichonunua. Mkulima wa ekari 2 za mahindi anahitaji kama kilo 20 za mbegu. Ukijua hilo, unajua umwagizie nini. Mwenye shamba la viazi usimsumbue kwa habari za mbegu za mpunga. Andika pia kama simu ni yake mwenyewe, ya mkewe au ya kijana wake, ili ujue unazungumza na nani.

Lakini sharti umwombe ruhusa. Namba ya mtu ni mali yake. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hairuhusiwi kuchukua namba za watu kiholela, wala kumgawia mfanyabiashara mwingine daftari lako kama unayegawa karanga. Mwulize mteja: “Nikuletee habari za mzigo kwa simu?” Akikubali, weka alama. Akikataa, mwache.

Jambo la tatu ni ujumbe wenyewe. Ujumbe mmoja wa kawaida una nafasi ya herufi 160 tu, pamoja na nukta na nafasi zilizo wazi. Ukizidisha, unahesabiwa kuwa ujumbe wa pili na unalipia mara mbili. Basi usianze na salamu ndefu na sifa za duka lako. Mkulima anataka kujua mambo manne: kitu gani kipo, kwa kipimo gani, kwa bei gani, na mpaka lini. Andika hivi: “Duka la pembejeo, stendi. DAP kilo 50 ipo, bei sh…. Mbegu mahindi kilo 2 ipo, bei sh…. Mpaka Jumamosi. Lipa dukani. Hutaki ujumbe? Jibu ACHA.” Umemaliza. Na yule anayejibu ACHA, mwache kweli.

Usitume kila siku, bwana. Tuma kwa majira: kabla ya kupanda, wakati wa kukuzia, wakati wadudu wanapotokea, na wakati wa kuvuna kwa ajili ya magunia na dawa za ghala. Mtu anayepigiwa kelele kila siku huziba masikio, na siku ya habari ya maana hasikii.

Jambo la nne ni mtu wa kupokea simu. Utashangaa wenye maduka wangapi hutangaza namba, halafu simu imezimwa, au ameachiwa mtoto asiyejua bei. Mkulima akipiga mara mbili bila kupokelewa, salio lake limebaki lakini imani yake kwako imekwisha. Mteule mtu mmoja, mpe orodha ya bei na ya mzigo, na panga saa za kupokea. Mkulima akibipu, mpigie. Usimwone mchoyo, huenda hana vocha, lakini fedha ya mbolea anayo.

Jambo la tano, na hili ni zito, ni uaminifu. Nani kati yenu hajawahi kupata ule ujumbe wa kusema, “Ile hela itume kwenye namba hii”? Matapeli wameharibu soko. Mkulima aliyeuza mahindi yake akaibiwa fedha kwa simu hawezi kuamini tena ujumbe unaomtaka alipe, hata kama umetoka kwa muuzaji mwema. Kwa hiyo duka lisilojenga uaminifu kwanza haliko tayari, hata likiwa na simu kumi.

Fanyeni hivi. Mwenye duka, kuwa na namba moja tu ya malipo, iliyosajiliwa kwa jina la duka, na uibandike ukutani. Watangazie wateja ana kwa ana kwamba hutawaomba kamwe walipe kwenye namba nyingine. Mkulima, kabla ya kuingiza namba yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Jina likiwa geni, usiendelee. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mkurugenzi. Na ujumbe wa kitapeli uupeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na namba iliyoutuma.

Jambo la sita ni kumjua mteja na simu yake. Wafanyabiashara wa mjini hupenda kutuma picha nzuri kwenye WhatsApp. Lakini mkulima mwenye kitochi haioni picha hiyo. Mwingine ana simu janja lakini kifurushi kimekwisha. Na wako wazee wetu wasiosoma, ambao ujumbe wa maandishi kwao ni kama mwayo. Hao wapigie, au mpigie kiongozi wa kikundi chao awatangazie. Simu isiue gulio, mkutano wa kijiji, wala maongezi ya dukani. Iwe msaidizi wake.

Tuna mfano mzuri katika historia yetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa “Mtu ni Afya”. Watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Je, ilikuwa ni nguvu ya redio peke yake? La hasha! Kabla ya vipindi kuanza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa na vitabu vikatayarishwa. Sauti ya redio ilipofika, ilikuta watu wamekwisha kukaa pamoja wakijua la kufanya, na vyoo vikachimbwa kweli. Mashine haikutangulia, maandalizi ndiyo yaliyotangulia. Mwenye duka na azingatie somo hilo.

Sasa, yuko atakayenijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Atasema bidhaa njema haihitaji kupigiwa debe kwa simu. Methali ni ya kweli, lakini tuitazame vizuri. Mbegu njema iliyofungiwa ghalani hadi Januari haikujiuza; imelala tu, na uotaji wake utazidi kupungua. Upande wa pili ni kweli tupu: kibaya nacho kitajitembeza kwa simu, tena mbiombio. Mbegu bandia itatangazwa kwa maneno matamu kuliko ya halali. Ndiyo maana mkulima asinunue ujumbe. Anunue kilicho ndani ya mfuko. Soma lebo ya Taasisi ya kuthibitisha mbegu, TOSCI, kwangua sehemu iliyofichwa namba, na uitume kwa simu kama lebo inavyoelekeza, hapohapo mbele ya muuzaji. Muuzaji mkweli atakusaidia kukwangua. Anayekukataza, mwachie mfuko wake. Na chukua risiti.

Ndugu mkulima, usidhani mambo haya ni ya mwenye duka peke yake. Siku ya kuuza mazao, wewe ndiye mwenye biashara. Ukimtumia mnunuzi ujumbe kwamba una “gunia 30 za viazi”, umemwambia nini? Atakuja na lumbesa yake, gunia lililoshonewa kilemba, na bei ya gunia itabaki ileile. Andika kilo. Andika aina, tarehe ya kuvuna, na kama barabara inapitika. Piga simu sokoni kwa watu wawili au watatu ujue bei kabla dalali hajafika mlangoni. Na mkishapatana bei, patana pia juu ya ile ya kutolea, nani atailipa, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Basi tujibu swali letu. Simu iko tayari. Mkulima yuko tayari nusu: anaitaka habari, lakini anaogopa kuibiwa, na ana haki ya kuogopa. Mwenye duka, wengi wao, bado. Bado kwa sababu hana daftari, hajui mzigo wake, na simu anaiona kama kipaza sauti cha kumpigia mteja kelele, wala si sikio la kumsikiliza.

Nakushauri uanze kidogo. Chukua wateja 20 wa kijiji kimoja, waliokubali. Watumie ujumbe mmoja mzigo unapofika. Halafu kila anayeingia dukani mwulize, “Umepata habari wapi?” Piga mstari daftarini. Kama katika hao 20 wamekuja 5, linganisha faida ya mauzo hayo na gharama ya ujumbe 20. Kama hakuja mtu, usilaumu simu kwanza; waulize kama bei ilikuwa kubwa, kama ujumbe ulichelewa, au kama hawakukuamini. Jibu watakalokupa litakufaa kuliko tangazo lolote.

Mvua hazimngoji mtu, ndugu zangu. Daftari lianze wiki hii, wakati ghala bado lina nafasi na mashamba bado yanasafishwa. Ukisubiri mpaka mawingu yatande, utakuwa unatafuta namba za watu wakati wenzako wanapima mifuko.