Safari ya Maua ya Kitulo



Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mwaka mmoja nilingoja barabara ikauke. Nilipofika nilikuta nyasi tupu. Basi safari hii tusiogope tope. Tukodi gari imara, tuondoke Chimala alfajiri, tupande kona 57 polepole hadi Matamba. Tuchukue makoti, maana uwanda uko juu, kiasi cha mita 2,600.

Vijana, asiwepo wa kuchimbua hata kiazi kimoja cha okidi. Viazi hivyo huuzwa hadi Zambia kupikiwa chikanda, na biashara hiyo imepunguza maua. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 2005 ili yasitoweke. Tuyatazame, tuyaache.