Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, Agosti 31



Nimepita kwenye mabanda ya maonyesho haya, na karibu kila banda nimekuta uwatu unaotolewa kwa wenye kisukari. Nimefurahi. Mbegu hizi zikilowekwa usiku kucha hutoa utelezi, na kazi kubwa hufanywa na utelezi huo: chakula hushuka polepole kutoka tumboni, na sukari ya ugali au wali huingia kwenye damu kidogo kidogo. Majani ya mforosadi yana njia nyingine. Huzuia vimeng'enya vya ukuta wa utumbo mwembamba vinavyovunja wanga kuwa glukosi, kama vifanyavyo vidonge vya akabosi. Hata metformini, dawa ya kisukari ambayo Dkt. Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake mwaka 1957, chimbuko lake ni Galega officinalis, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya kwa karne nyingi. Kwa hiyo asiwepo wa kuwabeza waganga mbele yangu.

Ila dawa za utumboni zina mpaka, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sukari ya damu haitoki sahanini peke yake. Ini nalo huitengeneza, usiku na mchana, hata mtu akiwa amefunga, na kinacholizuia lisizidishe ni insulini. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini ya kumtosha. Mnywesheni uwatu, mnyimeni hata ugali, sukari itapanda tu, damu itajaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Wazee wangu, akiletwa kwenu mtoto aliyekonda, mwenye kiu isiyokatika na anayekojoa kila mara, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeanza sindano za insulini, nawasihi sana, asiambiwe aziache.

Nanyi madaktari, mwulizeni mgonjwa anakunywa mizizi gani, na mwulizeni bila kumkaripia. Akikaripiwa ataficha. Akichanganya dawa hizo na za kwenu kwa siri, sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, nanyi hamtajua sababu.

Ningependa kila banda hapa liwe na kipimo cha sukari na daftari, mgonjwa apimwe kabla ya dawa na baada yake, na daftari hilo lifike kliniki.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.