Mabingwa wa Kujitolea na Uandishi wa Masomo ya Programu katika Ufuo wa Ziwa



Maadamu mmenipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii, nataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuwaita watu wenye ilimu ya kompyuta, ambao riziki zao ziko mahali pengine, waje watuandikie bila ujira masomo ya kutunga programu, yakawekwe kwenye intaneti na kusomwa na kila apendaye, kuanzia kijana wa mtaa wa Nyalenda mwenye simu iliyopasuka kioo hadi mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Mfangano. Rai yangu ni kwamba mabingwa hatukuwakosa, wala si wachoyo wa ilimu yao, ila hatujajua kuwaomba. Tumezoea kuwaita kwa mbiu kubwa na zawadi, ilhali bingwa mwenye shughuli zake hushikwa na kazi ndogo iliyopimwa, na kwa kumjua mtu atakayeisoma kazi ile siku aimalizapo.

Kutoa ilimu bila ujira si jambo tulilofundishwa na intaneti. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa na mwenye majukumu ya kutosha kumpa udhuru, alianzisha gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 akawa akiwaandikia watu wa kawaida, kwa Kiswahili chao, mambo ambayo aghalabu yalikuwa yamefungwa katika vitabu vya Kiarabu. Na huku kwetu, Taasisi ya Ramogi, RIAT, ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa michango ya harambee, watu wengi wakiitolea hali ya kuwa wao wenyewe hawatakaa darasani mle. Basi nia ya kutoa tunayo tangu zamani, na sharti tuangalie ni wapi inapotuponyoka.

Chukueni mfano ulio karibu nasi. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyokuwapo tangu 2003 na kulelewa na watu wachache wa kujitolea. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania wakaitwa washindane, na miongoni mwa zawadi zilikuwamo laptopu na simu. Makala zilimiminika. Nyingine zilikuwa nzuri, na waliozitunga walistahili kupongezwa. Lakini nyingine zilikuwa zimetolewa na mashine ya kutafsiri na kubandikwa pasipo kusomwa hata na mwenye kuzibandika, na kazi ya kuzisafisha ikawaangukia wale wale wachache waliokuwapo kabla ya shindano. Zawadi zilipokwisha kugawiwa mwaka 2010, walio wengi hawakuonekana tena. Siwalaumu vijana wale, kwa kuwa waliitwa kwa laptopu wakaja kwa ajili ya laptopu, na mwito wenyewe haukuwa na neno jingine la kuwaambia ulipokwisha. Lakini namlaumu yeyote ambaye, baada ya kuyaona hayo, bado anapanga kuwakusanya waandishi wa masomo kwa njia ile ile.

Sasa liwekeni kando yake jambo la pili, lililotokea hapa hapa mjini Kisumu. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walitunga programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kumwezesha msichana aliyetishiwa ukeketaji kuomba msaada, na aliyekwisha kutendewa kupata matibabu na kuifikia sheria. Wakasafiri hadi California kwa fainali za shindano la Technovation, na mwaka 2019 wakateuliwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hilo nalo lilikuwa shindano, mtaniambia, na zawadi zilikuwamo. Ni kweli, walakini tazameni zawadi zilikuwa za nani. Technovation husimama juu ya mtaala uliomo kwenye intaneti na juu ya washauri wa kujitolea, na huyo anayejitolea hashindanii kitu: hupewa kikundi cha wasichana anaowajua kwa majina, hupewa somo la juma lile na tarehe ya kulimaliza, na asipofika, wapo watu wa kuuliza yuko wapi. Kwa imani yangu, mtu mwenye ilimu hulemewa na kuombwa kulisaidia taifa, asijue aanzie wapi. Mwombe amsaidie fulani kuelewa jambo fulani kabla ya Ijumaa, naye atakuja.

Hapa naomba ruhusa ya kukawia kidogo, kwa kuwa liko jambo katika uandishi wenyewe wa masomo ambalo bingwa hawezi kulitenda peke yake hata akiwa na nia safi. Tuseme tunataka kumfundisha karani wa ufuo wa Dunga kutunga programu ndogo ya kuandikisha uzito wa samaki: mashua imeleta kilo 12 za ngege asubuhi na kilo 8 baadaye, programu imuulize uzito wa kila mzigo, ijumlishe, izidishe kwa bei ya kilo, itoe makato ya chama, kisha ioneshe anachostahili mvuvi. Bingwa ataliandika somo hilo kwa lugha ya Python katika mistari michache, na atalitazama aone limekamilika. Karani ataandika 12, ataandika 8, na mashine itamjibu kwamba jumla ni kilo 128. Kisa chake ni kwamba katika Python kila anachokiandika mtumiaji hupokewa kwanza kama maandishi, hata kikiwa ni nambari, na maandishi mawili yakijumlishwa huunganishwa tu, hili likafuata lile. Sharti mtungaji aiamuru mashine iyageuze kuwa nambari kabla ya kuyajumlisha. Bingwa analijua hilo kiasi cha kwamba amesahau kuwa aliwahi kutolijua. Mkono wake huandika amri ile bila yeye kuifikiri, naye huipita katika maelezo yake kimya kimya, au huiacha kabisa akidhani kila mtu anaiona. Na karani, ambaye anajua fika kwamba mashua haikuleta kilo 128, hujiona kuwa yeye ndiye asiyefaa kwa kompyuta, akafunga simu yake asirudi.

Kwa hiyo nasema bayana kwamba somo lililoandikwa na bingwa na kupitiwa na mabingwa wenzake halijawa somo. Litakuwa somo litakaposomwa na mtu asiyejua, mwandishi akiwa ameketi kando yake amenyamaza, akiandika kila mahali msomaji anapokwama. Wasomaji wa namna hiyo tunao tele. Wako katika shule zetu, wako katika kituo cha teknolojia cha LakeHub, na wako Zone01 Kisumu, ambako vijana hujifunza kwa kufundishana wao kwa wao pasipo mhadhiri wa kusimama mbele yao, nao kwa sababu hiyo wana kumbukumbu mbichi ya pale walipokwama. Tuwaunganishe na wenye ilimu, wawili wawili, na kila somo liwe na majina yote mawili juu yake.

Kadhalika tuangalie kipimo cha kazi anayoombwa bingwa. Katika Chuo Kikuu cha Maseno hutumika tangu 2019 programu huria iitwayo STACK, iliyoasisiwa Uingereza na Chris Sangwin, ambayo husahihisha majibu ya hesabu na kumwambia mwanafunzi papo hapo alipokosea. Swali huandikwa mara moja, mashine ikabadilisha nambari kwa kila mwanafunzi, na mwalimu wa chuo kingine aweza kuliazima swali lile, akalirekebisha na kulirudisha likiwa bora kuliko alivyolikuta. Fadhila ya mpango huo ni kwamba anayejitolea hatakiwi kutunga kitabu. Hutakiwa swali moja, naye akiisha kuliona linatumika huleta la pili bila kubembelezwa. Masomo yetu ya programu nayo yakatwe vivyo hivyo: jambo moja, kurasa mbili, zoezi moja lenye jibu, na maandishi matupu badala ya video, kwa kuwa video moja humla kijana bando la siku nzima.

Liko na kosa letu sisi wa vyuo vikuu, na sitaki kulifunika kwa taadhima ya hafla hii. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizozichapisha katika majarida ya kitaaluma na kwa wanafunzi wa uzamili aliowasimamia. Somo lililowafaa watoto wa Usenge na Homa Bay halimwongezei hata chembe. Kisha twashangaa kwamba haliandikwi. Lau somo lililosomwa, likajaribiwa na kurekebishwa lingehesabiwa katika faili ya mhadhiri kama kazi ya ilimu, nasi tungeona mabingwa wakijitokeza ambao leo twadhani hawapo, na wasingekuwa wamelipwa senti moja.

Wakati nao unatusukuma. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kutunga programu kwa shule za msingi na sekondari, na mtaala ulioidhinishwa hauwezi kumfundisha mtu pasipo masomo ambayo mwalimu wa Rarieda au Muhoroni aweza kuyafungua asubuhi na kuyatumia saa nne.

Basi namwomba kila mhadhiri na kila mhandisi wa programu aliyemo ukumbini humu achague jambo moja analolijua, amtafute mtu mmoja asiyelijua, aliandike somo lake akiwa naye, na alilete kabla ya muhula huu kwisha; na namwomba Mwenyekiti wa hafla hii alipeleke mbele ya Seneti ya chuo kikuu ombi la kwamba somo hilo lihesabiwe.