Mwethya na Mchanga wa Mto



Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule na njia ya Nairobi, na wengi waliotutumia fedha walirudi mikono mitupu. Kisha mvua zikakosa, msimu baada ya msimu. Tulisaidiwa na nini? Na mwethya tuliorithi kwa wazee: leo shamba lako, kesho langu.

Kwa mwethya watu wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hukatiza mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani yake, jua lisiyakaushe. Lakini mchanga huo huuzwa kujengea Nairobi: mmoja hupata fedha, wengi hukosa maji. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, ila askari hawezi kulinda kila mto usiku. Walinzi ni sisi.

Basi tukitaka ulimwengu wenye haki zaidi, tuanzie mtoni. Mjane achote sawa na mwenye ng'ombe wengi, wala mtu asiuze kilicho cha wote.